Wanangu Mnaoandaa Shughuli

Wanangu, kaeni kidogo. Haya nimeyasema mara nyingi, na leo sina pumzi ya kupiga kelele.

Mnakodi ukumbi hapa London kwa usiku wa taarabu, na sura ya mwimbaji mnaijaza kwenye tangazo. Usiku wenyewe, akiomba sauti yake ipandishwe, fundi mitambo anamgeukia mpiga kinanda kumwuliza kama ni kweli. Akiulizia ujira wake, ana mdomo. Mpiga gitaa akiulizia wake, anahesabiwa.

Na huko kutunza kwenu! Kutunza ni heshima: unakwenda taratibu, unampa noti mkononi, unarudi kitini. Siku hizi mkono unatafuta kifua, na ukumbi mzima unacheka.

Msiniambie Wazungu wametushinda kwa hili. Tarehe 30 Januari 2024, Kamati ya Wanawake na Usawa ya Bunge la Uingereza ilitoa ripoti juu ya chuki dhidi ya wanawake katika muziki. Ilisema wengi hawashtaki kwa kuogopa kukosa kazi, ikataka ipigwe marufuku mikataba inayomziba mdomo aliyenyanyaswa. Aprili hiyo serikali ya wakati ule ikayakataa mapendekezo makuu. Sisi kumziba mtu mdomo hata wakili hatumhitaji. Mtu mzima mmoja akishasema "usituaibishe", binti kanyamaza, na bwana aliyempapasa shughuli ijayo anakaa meza ya mbele.

Mwimbaji Siti binti Saad mnamjivunia. Alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na sahani zake zikasikika pwani nzima. Lakini wapo waliomkejeli kwa kaniki aliyokuja nayo mjini Unguja kutoka kijijini Fumba. Leo mnamwita mwimbaji wenu malaya kwa kuwa anarudi nyumbani saa nane usiku. Nani aliyepanga shughuli iishe saa nane?

Basi mwambieni fundi mitambo amsikilize mwenye sauti. Atakayempapasa atolewe nje, hata kama ndiye aliyelipia ukumbi. Najua hapo mtanung'unika. Na safari yake ya kurudi msiisahau: treni za chini ya ardhi za usiku kucha ni za Ijumaa na Jumamosi tu, tena kwa njia chache. Shughuli ikiwa Jumapili, nauli ya teksi iwe mkononi mwa mwimbaji pamoja na ujira kabla hajapanda jukwaani, na msije mkaikata humo humo.