Fedha na Kiti cha Chuo

Mwanafunzi wa India aliyestahili kusomea udaktari, akanyimwa nafasi pasi na kosa lake, alipwe nini? Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya huko iliona kwamba muda ukiisha kupita hapewi nafasi ya mwaka ujao. Imfaayo ni fidia. Twauliza: ni fedha gani zinunuazo umri uliopotea? Desemba 2019 majaji watatu waliigeuza rai hiyo: aliyekimbilia mahakama bila kukawia aweza kupokelewa hata mwaka ufuatao. Huo ni uadilifu. Lakini waliruhusu pia kwamba, nafasi zikijaa, yule wa mwisho orodhani, akiisha kusikizwa, aweza kutolewa. Naye amekosa nini? Kiti alipewa, hakukiiba. Sisi twaona bora zipunguzwe nafasi azigawazo mwenye chuo aliyedhulumu, nalo majaji wamelitaja.