Mfamasia Aliyekataa Kutoa Dawa

Katika hospitali ya serikali ya askari wastaafu mjini Tomah, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, mfamasia mmoja alikuwa akiletewa vyeti vya dawa vyenye dozi kubwa mno za dawa kali za maumivu, zile za jamii ya afyuni. Akaona zinahatarisha wagonjwa, akakataa kuzitoa. Mwaka 2009 akafukuzwa kazi.

Vidonge viliendelea kutoka, hata baadhi ya wagonjwa wakaibandika hospitali hiyo jina la Candy Land, yaani Nchi ya Peremende. Agosti 30, 2014, Jason Simcakoski, mwanajeshi wa zamani wa Marines mwenye umri wa miaka 35, alifia wodini humo kwa sumu ya dawa zilizochanganyikana mwilini. Siku chache kabla alikuwa ameongezewa dawa nyingine juu ya alizokuwa akinywa. Wakaguzi wa serikali walikuta kwamba hakuelezwa ipasavyo hatari za dawa hizo, kwamba wahudumu walichelewa kuanza kumhuisha, na kwamba dawa za dharura za kuzima sumu ya namna hiyo hazikuwamo wodini. Hilo la mwisho linaniuma kuliko yote. Kuhakikisha kinga ya dawa hatari iko karibu na anayepewa dawa hiyo ni kazi ya famasia.

Nawaeleza haya vijana wanaosomea famasia Marekani, wakiwamo watoto wetu waliopata uraia wa huko, maana kwa kawaida bila uraia nafasi za mafunzo katika hospitali kama hiyo hazipatikani. Hospitali hizo za askari wastaafu hutoa mafunzo kazini ya mwaka mmoja baada ya shahada, yenye malipo, na kwa anayetaka ubingwa, mwaka wa pili: magonjwa ya akili, saratani, tiba ya maumivu. Leseni ya jimbo lolote inatosha kuajiriwa. Tena mfamasia bingwa huko hahesabu vidonge dirishani tu. Hukaa na mgonjwa, hubadilisha dozi, huandika dawa kwa mamlaka aliyopewa. Ni kazi ya heshima, nami naipenda. Lakini aliyepewa mamlaka ya kuandika dawa amepewa pia wajibu wa kuizuia, na huo ndio wajibu ulioadhibiwa Tomah.

Mwaka 2016 ilipitishwa sheria yenye jina la Simcakoski, ikizitaka hospitali hizo zibane utoaji wa dawa za afyuni na kuwafundisha watumishi wao upya. Ilikuja miaka saba baada ya mfamasia yule kufukuzwa.

Basi utakapoitwa kwenye usaili, usiishie kuuliza posho na zamu. Uliza: mfamasia akikataa cheti cha daktari mkuu, nani huamua? Pingamizi lake huandikwa wapi? Mara ya mwisho lilipotokea, aliyekataa yuko wapi sasa? Wakisita kujibu hilo la tatu, omba nafasi kwingine.