Kutenga

Katika lugha yetu liko neno moja dogo libebalo mizigo mitatu isiyolingana uzito. Mama anapopakua wali katika sinia na kuwaita jamaa mkekani, husemwa kwamba ametenga chakula. Mkulima anapochagua mahindi yaliyo mazima na kuyatundika juu ya jiko, moshi uyalinde na wadudu mpaka masika yarudi, husemwa kwamba ametenga mbegu. Na watu wa mtaa wanapoafikiana kutomwalika mwenzao arusini, kutohudhuria matanga yake na kutoitikia salamu yake njiani, husemwa vilevile kwamba wamemtenga. Mkarimu, mwenye busara na katili, wote watatu hutumia neno moja. Nimezifikiri maana hizi tatu kwa muda mrefu, na kila nilipozifikiri nilizidi kuamini kwamba elimu ya watu wazima, ile ifundishwayo jioni katika vyumba vya kuazima, juu ya madawati yaliyochongwa kwa kipimo cha magoti ya watoto, haina kwa hakika somo jingine ila hili: namna ya kutenga, na namna ya kutenga pasipo kumtenga mtu.

Wapangao masomo hayo aghalabu huyagawa mafungu mawili, siha upande huu na biashara upande ule, kana kwamba mwili na mkoba ni majirani wasiosalimiana. Lakini mtu akitazama kitendo ambacho kila somo humwachia mwanafunzi mkononi, ataona kuwa ni kimoja. Mwaka 1973 watu wapatao milioni mbili wa Tanzania walikusanyika katika vikundi kwa majuma 12, wakisikiliza redio na kusomeana vitabu katika kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya, ambamo walizungumza juu ya malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Walipoinuka walifanya nini? Walichimba vyoo, walifukia madimbwi, walifyeka majani yaliyosogelea nyumba, walichemsha maji. Katika kila tendo mpaka ulipigwa mahali ambapo hapakuwa na mpaka: uchafu ukatengwa na kisima, mbu akatengwa na kitanda, maji ya kunywa yakatengwa na maji ya kufulia. Wala hakuna aliyehitaji kufundishwa kwamba uchafu ni mbaya, maana bibi zetu walizijua hukumu za twahara kabla redio haijafika nchini. Jambo walilojifunza pamoja ni kwamba mpaka wa namna ile haupigwi na mtu mmoja. Mwenye choo kizuri peke yake katika kijiji kisicho na vyoo hakujikinga na kitu, kwani mvua ya usiku mmoja huchukua uchafu wa jirani na kuuteremsha katika kisima cha wote.

Nisingependa kuipita miaka hiyo bila ya kuishukuru. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma katika nchi yetu walikuwa karibu theluthi mbili, na hesabu ya mwaka 1986 ilionyesha kuwa walikwisha pungua hata chini ya 10 katika kila 100. Katika mikoa ya Ziwa, ambako tangu mwaka 1968 kisomo kilifundishwa kwa msaada wa UNESCO, vitabu vya kwanza vya wanafunzi vilizungumzia pamba, migomba na uvuvi, ili herufi zije zimevaa nguo za kazi. Wako waliolalamika kwamba kumfundisha mtu kusoma kwa ajili ya pamba ni kumfanya yeye mwenyewe chombo cha pamba. Lawama hiyo ina uzito, walakini nadhani imekosea mahali pa kutua. Mtu hadhalilishwi kwa kuanzia katika kazi yake. Hudhalilishwa akikatazwa kuuliza kazi yake ni ya nini.

Na swali hilo nililisikia likiulizwa. Niliketi siku moja nyuma ya darasa la jioni hapa Tanga, mwalimu akiwa kijana ambaye umri wake haukufika nusu ya umri wa mwanafunzi aliyekuwa mdogo kuliko wote. Alipoingia aliwaamkia shikamoo, wakamwitikia marahaba, ndipo akashika chaki. Na adabu ile haikuwa pambo, kwa sababu mtu aliyekwisha kuamkiwa kwa heshima na mwalimu wake hawezi tena kufundishwa kama mtungi mtupu. Somo lilikuwa hesabu ya faida. Mama mmoja muuza nyanya alikubali biashara yake iandikwe ubaoni. Alfajiri alinunua tenga moja kwa shilingi 40,000, akamlipa mwenye mkokoteni 3,000, akatoa ushuru wa soko 500. Alipanga mafungu yake, akauza mpaka magharibi, akapata 52,000. Alipoulizwa faida alijibu bila ya kusita kwamba ni 12,000, na kwa itikadi hiyo alikuwa ametumia 8,000 kwa unga, mafuta na dagaa za nyumbani, na mtoto wa kaka yake alipopita na kusema, "Shangazi, nisaidie nauli," alimpa 2,000, akalala akishukuru kwamba amejiwekea akiba ya 2,000. Mwalimu alitoa na kujumlisha taratibu. Faida ilikuwa 8,500. Matumizi yalikuwa 10,000. Alfajiri iliyofuata mama yule angehitaji 43,500 na mkobani mwake zilikuwamo 42,000. Mwanamke mmoja wa nyuma akasema kwa sauti ndogo maneno ambayo wafanyabiashara wote huyajua na kuyaogopa: "Amekula mtaji."

Mwenye nyanya aliutazama ubao kwa kitambo. Kisha akauliza, "Sasa mwalimu, nimwambie mtoto wa kaka yangu aende kwa miguu?"

Darasa lilinyamaza, na mimi naamini ukimya ule ulikuwa sehemu bora ya somo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tumezoea kuutumia usemi huo kana kwamba daftari lenyewe ndilo mlinzi. Daftari haliwezi kulinda kitu. Huleta habari tu, na habari ikiisha kuletwa, mtu hubaki na kazi ambayo tarakimu hazimsaidii, nayo ni kuamua nani ana haki gani katika kile alichonacho. Katika pwani yetu mali haikuwa kamwe ya mtu mmoja. Aliye nacho anakula na wenziwe, na anayekataa, hata kama sababu yake ni safi kama maji ya mvua, huitwa bahili, jina ambalo humwandama mtu mpaka kaburini. Kwa hiyo mama yule hakutoa 2,000 kwa ujinga. Alinunua kwa fedha hizo kitu ambacho ubaoni hakikuwa na safu yake: kuwa shangazi. Ningependa pia kwamba safu nyingine iandikwe, ya saa zake tangu alfajiri hata magharibi, ambazo hazikuhesabiwa na yeyote, wala yeye mwenyewe.

Je, basi, hesabu ni adui wa udugu? Wengi hudhani hivyo, na kwa sababu hiyo huichukia hesabu kwa moyo mwema. Lakini tuitazame sheria ambayo watu wa pwani wameishi nayo karne nyingi. Zaka ya mali ya biashara ni sehemu moja katika 40, nayo haimpasi mtu mpaka mali yake ifike nisabu, yaani kiwango cha chini, na izungukiwe na mwaka. Sheria hiyo haiwezi kutimizwa na mtu asiyehesabu. Asiyejua anacho kiasi gani hajui maskini wana haki kiasi gani katika kile anachokiita chake, na ukarimu wake, ujapokuwa mwingi, hutegemea nani alipita jioni na nani hakupita. Mwenye uso mkavu hupata mara tatu, na mjane mwenye haya, ambaye hatoki nje kuomba, hapati hata mara moja. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kutenga hutangulia kutoa. Mkono unaotoa kila kinachoombwa hauna uadilifu kwa sababu hauna kipimo, na siku mtaji ukiisha, mkono huo hauna tena cha kumpa yeyote, wala mtoto wa kaka wala mjane.

Hata hivyo, kuijua kweli hiyo si kuwa na nguvu ya kuitenda, maana kijana amesimama mlangoni, ni jioni, na sura yake ni sura ya kaka. Utashi wa mtu mmoja ni kitu dhaifu mbele ya sura. Kwa sababu hii nalistahi sana sanduku la chuma la vikundi vya kuweka na kukopa, hivi tuviitavyo VICOBA, ambavyo mbinu yake ilianzia Niger mwaka 1991 miongoni mwa wanawake waliofundishwa na shirika la CARE, ikasafiri hata ikafika Unguja na bara. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zake tatu wanazo watu watatu, na mwenye kulitunza nyumbani kwake hana hata mmoja. Hufunguliwa mbele ya wanachama wote, fedha huhesabiwa kwa sauti, hisa huandikwa, na kando ya hisa hutengwa mfuko wa jamii kwa ajili ya mgonjwa na mfiwa. Wengine huona katika kufuli hizo kwamba watu hawaaminiani. Mimi naona watu waliojitambua. Mama wa nyanya akijiunga nao aweza kusema, "Mwanangu, fedha zimo sandukuni, na ufunguo sina," na maneno hayo ni kweli, wala hayavunji udugu, kwa sababu aliyekataa si shangazi. Na kijana huyo akiugua, shangazi yake ataliomba fungu la mgonjwa mbele ya wote, kwa haki. Amejifunga ili awe huru, jambo ambalo wanafalsafa wamelieleza kwa vitabu vinene na akina mama hawa wamelieleza kwa kufuli.

Lakini neno letu lina maana ya tatu, na hapana budi tuitazame usoni. Nimepata kuona kikundi kikienda nyumbani kwa mwenzao aliyeshindwa kulipa, wakatoa sufuria, godoro na redio mbele ya watoto wake; na tangu siku hiyo mwanamke yule hakusalimiwa kisimani. Wote walikuwa wamehitimu masomo ya jioni. Walijua kutoa na kujumlisha, na daftari lao lilikuwa safi. Somo la biashara lililotengwa na somo la siha, kwa maana ya siha ya ujirani na ya moyo, huzaa mahodari wa namna hiyo, ambao mpaka walioupiga ili kulinda mtaji wameusogeza mpaka ukapita juu ya mtu. Siwezi kusema kwamba mwalimu aliyefundisha hesabu peke yake amemaliza kazi yake, kama nisivyoweza kusema kwamba fundi aliyejenga kuta nne bila mlango amejenga nyumba.

Liko jambo jingine ambalo halimo katika mtaala wowote nilioupata, nalo ni saa zenyewe. Mwanamke anayekwenda darasani jioni ametenga saa mbili kutoka katika siku ambayo haikuwa yake. Kwa saa hizo yeye si mama wa fulani wala mke wa fulani wala shangazi, ni mtu anayetaka kujua. Wengi hulipia saa hizo kwa maneno ya nyumbani, na wengi zaidi huacha kuja, wala si kwa uzito wa somo.

Usiku wa darasa lile niliongozana na mama wa nyanya mpaka karibu na kwake, kwa kuwa njia yetu ilikuwa moja. Alikuwa bado akihesabu kwa vidole, akirudia 43,500 kama mtu anayehifadhi dua. Taa ilikuwa inawaka uani, na watoto wamekwisha kulala, isipokuwa binti yake mkubwa aliyekuwa ameketi mkekani akimngoja. Pembeni mwake palikuwa na sahani moja iliyofunikwa kwa kawa. "Chako hiki, mama," alisema. "Tulikutengea."