Mafuriko: Ni Nani wa Kuulizwa?

Kila mvua kubwa inapoleta maafa, watu huuliza swali moja: je, waliofikwa na msiba huo wamekosa nini? Wengine hujibu upesi kwamba wameadhibiwa kwa dhambi zao. Wengine husema ni maumbile tu, wala hapana mtu wa kuulizwa. Majibu yote mawili yana upungufu, na yafaa tuyapime.

Kwanza tutazame sababu ya mvua zenyewe. Kwa kawaida maji ya Bahari ya Hindi huwa na joto zaidi upande wa mashariki, karibu na Indonesia. Lakini miaka mingine maji ya baridi hupanda kutoka vilindini kwenye pwani ya Sumatra na Java, na upande wa Afrika maji hupata joto kupita kiasi. Ndipo pepo za ikweta hugeuka na kuvuma kutoka mashariki, zikileta maji ya joto na mvuke kuelekea Afrika Mashariki. Mvua za vuli huzidi huku, na mara nyingi Indonesia na Australia hukosa mvua. Wataalamu waliieleza hali hiyo na kuipa jina mwaka 1999, lakini yenyewe ni ya zamani. Ilikuwako mwaka 1961, Ziwa Victoria lilipoanza kupanda; na mwaka 1997, ikifuatana na El Nino ya Bahari ya Pasifiki; na tena mwaka 2019 na 2023.

Basi fikiri, ndugu msomaji. Mwaka 2019 bahari ile ile iliyoleta gharika Kenya na Somalia ilichangia ukame uliotangulia mioto mikubwa ya Australia. Mwenye kusema kwamba maji ni hukumu juu ya waliozama, atasema nini juu ya waliounguliwa nyumba zao? Na mbona maji huwapata kwanza maskini waliojenga bondeni kwa kukosa mahali pengine, na mwenye nyumba ya kilimani husalimika? Je, dhambi hukaa mabondeni tu? Mwenyezi Mungu ndiye Hakimu, na siri za mioyo anazijua Yeye. Sisi hatukupewa kiti hicho.

Hata hivyo, anayesema "ni maumbile tu" naye hakuokoka. Sababu ikijulikana, udhuru hupungua. Joto la bahari hupimwa, na mabadiliko yake huonekana kabla mvua haijafika. Agosti 2023 wataalamu wa hali ya hewa wa eneo letu walitangaza kwamba vuli ingekuwa na mvua zaidi ya kawaida. Novemba mto Shebelle ukaufurikia mji wa Beledweyne huko Somalia, kama ulivyoufurikia mwaka 2019. Utabiri si ujuzi wa ghaibu, na pengine hukosea. Lakini aliyeonywa hana haki ya kulala. Hata katika habari za Nabii Nuhu a.s., onyo lilitangulia maji, na safina iliundwa juu ya nchi kavu.

Kwa hiyo swali lile la "wamekosa nini?" na tuligeuze lielekee kwetu. Nani alisikia onyo asimwambie jirani? Nani aliziba mfereji kwa taka zake? Nani aliuza kiwanja cha bondeni hali akijua ni njia ya maji? Ikiwa maafa yana hesabu, hesabu hiyo yaanza kwa walioweza kusaidia wakanyamaza. Mwenyezi Mungu atujalie kuyatumia maarifa aliyotupa katika kuwahurumia viumbe wake. Amin.