Ubudha Ukivuliwa Miujiza

Katika maandiko ya kale ya Kibudha yumo mtawala mmoja, Payasi, aliyekuwa haamini lolote la baada ya kifo. Jamaa zake walipokuwa mahututi aliwaomba wakifika huko waendako warudi kumpa habari. Hakurudi hata mmoja. Akaona haitoshi. Akaamuru mwizi aliyehukumiwa kifo atiwe mtungini akiwa hai, mdomo wa mtungi ufunikwe kwa ngozi mbichi, ukandikwe udongo, kisha uwekwe motoni. Mwizi alipokata roho, wakaufungua polepole, macho yote mdomoni mwa mtungi, waione roho ikitoka. Hawakuona kitu. Mwingine akapimwa kwenye mizani akiwa hai, akanyongwa, akapimwa tena.

Kisa hiki kiwe kimetokea au kimetungwa, kinawaweka pabaya wale wanaotaka Ubudha usio na kuzaliwa upya. Hoja yao kuu ni kwamba Buddha alikulia mahali ambapo kila mtu aliamini mambo hayo, naye akayabeba tu kama mtu anavyobeba lafudhi ya kwao. Ukiyaondoa, ujumbe wake unabaki salama. Stephen Batchelor wa Uingereza, aliyewahi kuwa mtawa kwa Watibeti kisha kwa Wazen wa Korea, ndiye aliyeutangaza mradi huo kwa wasomaji wengi katika kitabu chake cha 1997, *Buddhism Without Beliefs*. Lakini si kweli kwamba kila mtu aliamini. Ajita Kesakambali, aliyeishi zama zile zile za Buddha, alifundisha kwamba mwenye hekima na mjinga wote wakifa wamekwisha. Buddha aliyajua mafundisho hayo na akayakataa. Yako maswali aliyogoma kuyajibu, kama vile ulimwengu una mwisho au hauna, na kama roho na mwili ni kitu kimoja. La kuzaliwa upya halimo katika orodha hiyo.

Basi kwa upande wa historia sioni cha kubishania. Lakini mtu anaweza kukubali kwamba Buddha aliamini kuzaliwa upya, na bado akauliza: sisi tusioamini, tunaweza kuendelea naye?

Miungu haitusumbui sana. Katika Ubudha miungu nayo huzaliwa, huishi maisha marefu ya raha, kisha hufa. Hakuna kati yao aliyeumba ulimwengu wala atakayemfikisha mtu kwenye nirvana. Iondoe yote, na mafundisho yatayumba kidogo tu.

Kuzaliwa upya ni habari nyingine kabisa. Buddha anasema maisha yamejaa taabu, taabu ina chanzo, inaweza kukoma, na iko njia ya kuikomesha. Sasa ondoa kuzaliwa upya uone kinachobaki. Mtu akifa, amekufa. Taabu ya mtawa aliyekesha akitafakari kwa miaka 40 na taabu ya mlevi wa kilabuni zote zitakoma zenyewe, kila moja siku ya maziko ya mwenyewe. Ukomo ule ambao Buddha aliutafuta kwa jasho na njaa, mauti yanamgawia kila mtu bure. Njia iliyobaki ni ya kupunguza maumivu katika miaka iliyosalia. Sidharau hilo, lakini halimdai mtu aache mke, mtoto mchanga na urithi wa baba yake, kama alivyofanya Buddha mwenyewe. Linamdai nusu saa asubuhi kabla ya kwenda kazini.

Na hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda Marekani. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa wa maumivu sugu huko Massachusetts kutafakari bila dini, na wengi wamenufaika na mafunzo ya aina ile tangu hapo. Ni tiba nzuri. Kuiita Ubudha ni kuipa jina ambalo haikuliomba.

Mtawa wa Thailand, Buddhadasa (1906–1993), alijaribu kulihamisha jambo lenyewe kutoka kaburini hadi akilini. Kwake, kila "mimi" inapochipuka, mtu amezaliwa: umetukanwa, hapo hapo amezaliwa mtu aliyetukanwa, hasira ikipoa, huyo amekufa. Naipenda tafsiri hii, na yeyote aliyewahi kukasirika barabarani ataielewa. Ila haitatui hesabu yetu, kwa kuwa kaburi bado linamaliza kila kitu.

Aliyeipatia hesabu hiyo jibu, kwa maoni yangu, ni B. R. Ambedkar, na hakuanzia kwenye sayansi. Alizaliwa katika jamii ya Wahindi wasioguswa. Kwa watu wake karma ilikuwa silaha ya kuwapiga nayo: umezaliwa kubeba uchafu wa wengine kwa sababu ya dhambi za maisha yaliyopita, basi beba na ukae kimya. Alihoji vipi pawe na kuzaliwa upya pasipo na roho, akazitilia shaka hata zile kweli nne za Buddha kuhusu taabu na ukomo wake, akishuku kwamba huenda ni nyongeza ya watawa. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliingia Ubudha pamoja na malaki ya watu, akawaapisha viapo 22. Kimojawapo kinamfanya mwapaji akiri kwamba anazaliwa upya. Ni pale pale, uwanjani, akiwa hai, akitoka katika tabaka alilobandikwa.

Wako Wabudha waliosema huyo ni Ambedkar, si Buddha. Lakini itazame taabu aliyokuwa akiizungumzia. Mfagia vyoo akifa, taabu yake haifi naye. Kesho yake mwanawe anaushika ufagio ule ule. Taabu ya namna hiyo huzaliwa upya kweli, tena mbele ya macho yetu, bila kuhitaji roho wala muujiza, na kifo hakiikomeshi. Kwa hiyo njia inarudi kuwa na uzito wake, na inadai zaidi ya nusu saa.

Hukumu yangu basi ni hii: Ubudha unaweza kutenganishwa na kuzaliwa upya, kwa sharti kwamba kinachowekwa mahali pake kiwe kitu ambacho mauti hayakimalizi. Afya njema na utulivu wa moyo havitoshi, maana vyote huisha na mwenye navyo. Ambedkar alifariki tarehe 6 Desemba mwaka ule ule wa 1956, hata miezi miwili haijatimia tangu siku ile ya Nagpur. Sensa ya India ya 2011 ilihesabu Wabudha wapatao milioni 8.4, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa Maharashtra, jimbo ulimo mji wa Nagpur.