Twausafisha Mji kwa Ajili ya Nani?

Kila zijapo habari kuwa meli ya watalii yakaribia kutia nanga Kilindini, mji wetu wa Mombasa hushikwa na haraka. Njia iendayo Ngomeni hufagiwa, taka zilizolala siku nyingi huzolewa, na kuta zielekeazo barabara hupakwa chokaa. Meli huja, abiria huteremka, na baada ya saa chache au siku moja hung'oa nanga. Kisha ufagio huwekwa, na taka hurejea pale pale zilipokuwa. Jambo hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna suala kubwa la tabia, nasi twapenda kulitazama kwa insafu pamoja na ndugu zetu wasomaji.

Kwanza twataka ifahamike kuwa hatusemi haya kwa kuwachukia wageni wala kwa kuidharau riziki. Mji wetu una dhiki. Bandari ya Kale, ambayo zamani ilijaa majahazi ya Arabuni, ya Ghuba na ya Bara Hindi, ilianza kupungukiwa na kazi tangu gati za maji marefu zilipofunguliwa Kilindini katika miaka ya 1920. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zimechakaa, na vijana waliosoma hukaa barazani bila ya kazi. Meli hizi nazo hazikutujia kwa urahisi. Maharamia walizitisha, hata mwaka 2009 wakaishambulia meli ya MSC Melody katika bahari ya Shelisheli. Na mwaka 2020 maradhi ya korona yakazisimamisha. Basi ghala kuukuu la gati namba 1 lilipogeuzwa kuwa ukumbi wa kupokelea abiria, watu walifurahi, na furaha hiyo ni haki yao. Atafutaye halali hana lawama.

Suala letu ni hili: usafi ufanywao kwa ajili ya jicho la mgeni, je, ni wema? Dini yetu imetufundisha kuwa amali huenda kwa nia, na kuwa kuondoa udhia njiani ni tawi katika matawi ya imani. Tena imetuhadharisha na riyaa, nayo ni kutenda jema ili tuonekane.

Huenda akatokea msemaji akasema: njia iliyofagiwa ni safi, na nia haionekani, mpita njia haudhiwi na uvundo, ikiwa mfagiaji alitaka radhi ya Mungu au alitaka shilingi ya mtalii. Hoja hii ina nguvu, nasi hatuiepuki. Ni kweli kuwa faida ya tendo huweza kuwafikia watu ijapokuwa nia ya mtendaji ina kasoro. Lakini twamjibu: nia haionekani, ila mpaka wake huonekana. Tazama ufagio unaposimama. Usafi wa ajili ya mtalii huishia pale linapoishia jicho la mtalii. Haungii katika kichochoro ambamo maji machafu hupita mbele ya mlango wa mjane, wala haungoji mpaka kesho yake meli ikisha kuondoka. Riyaa ya mtu mmoja huiharibu amali yake mwenyewe. Riyaa ya mji huwadhulumu wakaao ndani yake, kwani huwaambia kila siku kuwa wao hawastahili kufagiliwa.

Na tuwakumbuke wazee wetu. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Mombasa, akalala usiku mmoja tu, kisha akashika safari ya Kilwa. Alikuwa mpitaji, mfano wa abiria wa leo. Aliona nini? Ameeleza kuwa watu wa kisiwa hiki ni wacha Mungu, chakula chao ni ndizi na samaki, na misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa kwa ufundi; na kuwa milangoni mwa misikiti mlikuwa na visima, mtu huteka maji akaosha miguu, akaipangusa juu ya mkeka mnene, ndipo akaingia. Zingatieni, ndugu zetu. Visima vile havikuchimbwa kwa ajili ya Ibn Battuta. Wazee walijichimbia wenyewe, kwa ajili ya tohara na sala zao. Mgeni wa usiku mmoja akaviona tu kwa kuwa vilikuwapo, na leo, baada ya miaka karibu 700, sifa ile ingali yasomwa ulimwenguni.

Katika safari hiyo hiyo alipita Mogadishu, akaeleza ada yao ya kupokea majahazi. Chombo kilipofika, vijana walikikabili kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mfanyabiashara mmoja na kumtangaza kuwa ni mgeni wake. Mgeni yule hushukia nyumbani kwa mwenyeji wake, naye humsimamia katika kuuza na kununua. Na mwenye kumpunja, au kuuza naye bila ya mwenyeji kuwapo, biashara yake ilikuwa haikubaliwi. Leo pia vijana wetu huwakabili wageni, lakini je, wangapi huwaendea ili kuwalinda wasipunjwe?

Hapa pana tofauti ambayo twaichanganya. Mgeni ni yule unayempa, na mnunuzi ni yule unayemuuzia. Haki ya mgeni ni ukarimu, kama Nabii Ibrahim (a.s.) alivyowaharakia wageni asiowajua kwa ndama wa kuchoma, wala hakuwauliza wana nini mkononi. Haki ya mnunuzi ni uaminifu wa kipimo, na wenye kupunja wameshushiwa sura nzima ya onyo. Hapana aibu kumuuzia mtalii. Aibu ni kumwita mgeni kwa ulimi ilhali moyoni twamhesabu kuwa windo. Kumtajia bei mara tano kwa sababu hatujui, na kwa sababu hatarudi. Kwa hakika mtu asiyerudi ndiye mtihani wa amana. Kumtendea haki jirani utakayekutana naye kesho kwaweza kuwa ni hofu tu. Kumtendea haki yule usiyemtarajia tena maishani ni taqwa.

Tena yako mambo ambayo hayamo katika ukarimu wala katika biashara: heshima ya wana wetu wa kike na wa kiume, na ibada yetu. Hatusemi misikiti ifungwe. Mtume wetu (s.a.w.) aliupokea ujumbe wa Wakristo wa Najran ndani ya msikiti wake. Mwenye kuja kwa adabu na mavazi ya stara akitaka kufahamu, na akaribishwe na kufahamishwa. Lakini ibada haipangiwi saa ya meli.

Na wako waliofaulu mno kuwavuta wageni, nao tuwatazame. Venice ya Italia ni mji wa bandari uliokuwa na fahari kuliko wetu. Mwaka 1951 katika mji ule wa kale walikaa watu wapatao 175,000. Mwaka 2022 walikuwa wamepungua chini ya 50,000. Sababu ni nyingi, na mojawapo ni kuwa nyumba zimekuwa na thamani zaidi kwa mpitaji kuliko kwa mkaaji. Ilipofika mwaka 2021, serikali ya Italia ilizizuia meli kubwa zisipite mbele ya uwanja wa San Marco. Mji ule haukukosa wageni, ulikosa wenyeji. Na pasipo mwenyeji, nani atamkaribisha mgeni?

Basi twaonaje? Twaona kila mtaa uanze kwa kichochoro kisichoonekana na mtalii, na kazi hiyo ifanywe wiki ambayo hapana meli. Mwenye nyumba ya urithi asiung'oe mlango wake wa nakshi akauuza. Wenye maduka wapatane bei moja kwa mwenyeji na mgeni. Vijana wanaotembeza wageni wafundishwe historia ya mji wao, wapate kusema kweli. Na wenye mamlaka waulizwe, kwa adabu lakini bila ya kuchoka, kwa nini mtaro wapatikana kutengenezwa meli ijapo, na haupatikani mtoto anapougua kwa maji yake.

Wahenga wamesema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Neno hili ni kweli, lakini mgeni huleta nafuu kwa mwenyeji aliyekwisha kuanza kujitibu. Meli isipokuja mwaka mzima, mji uliosafishwa kwa ajili ya wakaao humo haukupata hasara.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atutakasie nia zetu na njia zetu, atupe riziki ya halali, na atujaalie kuwa wenyeji wema kwa ajaye na kwa tunaokaa naye. Amin.