Mapenzi ya Mgeni kwa Kikantoni

Wageni wanaojifunza Kikantoni kule Hong Kong wana lalamiko moja la zamani. Umefanya mazoezi wiki nzima, toni umezipanga vizuri kichwani, unamwuliza muuza chai bei kwa lugha yake, naye anakujibu kwa Kiingereza. Hana ubaya, anakusaidia. Kwake mzungu anayehangaika na Kikantoni anajitesa bure, maana hakuna aliyewahi kumwambia kwamba lugha yake ni kitu cha kutafutwa.

Cecilie Gamst Berg, Mnorwe aliyeishi huko miaka mingi, aliigeuza vita hiyo kuwa kazi yake. Amefundisha Kikantoni, akakitetea redioni na kwenye video, na ujumbe wake kwa wageni wenzake hauna siri: ukiishi hapa, sema lugha ya hapa. Namheshimu. Lakini kuna swali linaloniwasha kila nikifikiria watu wa aina yake. Je, mgeni ana haki ya kukasirika kwa niaba ya lugha isiyo yake?

Hebu kwanza tuelewane kuhusu lugha yenyewe. Hapa Nairobi tukisema Kichina tunamaanisha Kimandarini. Ndicho kinachofundishwa katika Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyofunguliwa 2005, na wengi wanaokisoma wanakuambia wazi wanatafuta kazi au ufadhili wa masomo. Sina neno nao. Kodi hailipwi kwa mapenzi. Kikantoni hakina ahadi kama hiyo, ingawa wazungumzaji wake ni makumi ya mamilioni, kutoka Guangzhou, Hong Kong na Macau hadi Kuala Lumpur na Vancouver. Kina toni sita. Silabi “si”, ambayo kwetu ni ya kukanusha tu, kwao ukiipandisha au kuishusha inakuwa shairi, historia, kujaribu, wakati, soko au jambo. Msemaji wa Kimandarini asiyejifunza Kikantoni haambulii kitu, na bado kuna wanaosisitiza kwamba ni lahaja tu.

Neno hilo “tu” lina siasa yake. Mwaka 2010 watu wa Guangzhou waliandamana baada ya pendekezo kwamba televisheni ya jiji lao ihamie Kimandarini. Mwaka 2014 idara ya elimu ya Hong Kong iliandika kwenye tovuti yake kwamba Kikantoni si lugha rasmi. Kelele zikapigwa, maneno yakaondolewa.

Jibu la haraka ni kwamba lugha ni ya yeyote anayeisema, basi mgeni apiganie. Mimi sikubali haraka hivyo. Angalia ni nani hulipa. Kundi la Gongjyuhok, lililoanzishwa na watu wa Hong Kong wenyewe kukitetea Kikantoni, lilijifunga 2023 baada ya polisi wa usalama wa taifa kumfuatilia mwanzilishi wake kuhusu hadithi fupi iliyoshiriki mashindano yao. Hadithi tu, buda. Mgeni mwenye pasipoti ya Ulaya anaweza kupenda kwa sauti kubwa, na siku mambo yakiwa noma, kuna ndege.

Halafu angalia ni nani hupigiwa makofi. Hong Kong ina wafanyakazi wa nyumbani zaidi ya 300,000, wengi wao kutoka Ufilipino na Indonesia. Wako wanawake wa Indonesia waliofunzwa Kikantoni kabla hata ya kupanda ndege, na siku nzima wanakisema sokoni na jikoni na kando ya kitanda cha mzee wa watu. Sijaona wakiitwa wapenzi wa lugha. Kwao Kikantoni ni sehemu ya kazi, kama kupiga pasi. Sisi pia tuko hivyo hivyo: mzungu akisema “niaje” mtandaoni tunammiminia sifa hadi asubuhi, lakini kinyozi Mkongomani wa Kayole, aliyezaliwa ndani ya Kiswahili, tunamcheka lafudhi.

Hata hivyo siwezi kumfukuza mgeni, kwa sababu kuna kitu anachokiona ambacho mwenyeji amekizoea mno. Anayetaka kujifunza anadai kamusi, sarufi, njia ya kuandika. Robert Morrison, mmisionari Mwingereza, alichapa msamiati wa Kikantoni 1828. Ernst Eitel, Mjerumani, akatoa kamusi 1877. Walitaka roho za watu, si lugha zao. Lakini leo anayetaka kujua Kikantoni cha zamani kilisikika vipi anafungua vitabu kama hivyo. Na sarufi kubwa ya 1994 iliandikwa na wawili, Stephen Matthews wa Uingereza na Virginia Yip wa Hong Kong. Napenda mfano huo kuliko yote. Hakuna aliyemwokoa mwenzake.

Mimi hufundisha Kiswahili kwa wageni wachache mtandaoni. Mmoja, aliyekuwa akiishi Westlands, aliniuliza kwa nini kwenye mkahawa wake Wakenya wanamwagiza Mkenya mwenzao chai kwa Kiingereza, na wote wanajua Kiswahili. Nikamweleza ukoloni, shule, na kile kibao cha aibu ambacho mtoto huvishwa akinaswa anasema lugha ya nyumbani. Akasikiliza yote kwa adabu. Kisha akauliza, “Na kesho?”

Swali lake lilinichoma, na nilitamani kumwambia hakuwa na haki ya kuuliza. Lakini uongo wa swali uko wapi? Ugeni wake haukulifanya kuwa baya. Ulimfanya asiweze kulijibu, kwa sababu kesho yenyewe si yake kuagiza wala kuhudumu. Nafikiri mgeni wa Hong Kong yuko papo hapo. Aulize, afundishe, akatae kujibiwa kwa Kiingereza mpaka muuza chai acheke. Ila akishika maikrofoni kueleza jinsi Kikantoni kinavyokufa, ningependa pembeni yake aketi yule mama wa Indonesia. Siku hiyo hiyo amemsikiliza mzee akisimulia ujana wake kwa Kikantoni, huku wajukuu wa mzee, sebuleni, wakifanya homuweki ya Kiingereza.